Jembe Lililofungwa Mtini

Mama yangu hakuwahi kutupa jembe. Jembe jipya la dukani alilimia mpunga na mihogo miaka mitatu, minne, mpaka mawe ya kwetu yakala chuma na likabaki nusu. Hapo lilihamia kwenye palizi ya karanga. Likizidi kuisha, alilitumia kuchimba vishimo vya kupandia mahindi. Na lilipobaki kipande kisichoweza tena kushika mpini, kilikuwa bado na kazi moja ya mwisho: kulinda shamba lililolala.

Nieleze jambo hilo, maana siku hizi watu wanaozaliwa Kasongo mjini hawalijui. Kwetu shamba halikulimwa mfululizo. Ulilima misimu miwili au mitatu, ardhi ikaanza kuchoka, mihogo ikatoa mizizi kama vidole, basi ukaliacha lilale. Nyasi ziliota, kisha vichaka, kisha miti midogo. Ilipofika miti ile kuwa minene kama mkono wa mtu mzima, ardhi ilikuwa imerudi, na ulifyeka ukaanza upya. Huo ulikuwa muda wa miaka sita, saba. Mgeni aliyepita hapo katikati aliona pori tu. Lakini mwenyeji aliinua macho, akaona kipande cha jembe kimefungwa kwa kamba ya mgomba kwenye panda ya mti, akajua kwamba shamba lina mtu, na mtu huyo atarudi. Hakuna aliyekata hata fito mahali hapo bila kwenda kuuliza.

Mashamba yetu yalikuwa nje ya mji, upande wa barabara ya kwenda Kabambare. Yalikuwa ya ukoo wa baba. Baba alifariki nikiwa shuleni kwa mapadre, na ndugu zake wakamwachia mama yote aliyokuwa akilima, kwa sababu walijua anailinda ardhi kuliko wanaume wa ukoo. Kubwa kuliko yote lilikuwa kwenye mteremko juu ya kijito. Mama alililaza mwaka ule ule alioachwa mjane. Nakumbuka alinishika mkono tukaenda pamoja, nami nikapanda mti kufunga jembe. Alisimama chini akiniambia, "Kaza, baba. Upepo usiliangushe." Kwetu mama humwita mtoto wake wa kiume baba. Nilikaza kwa mafundo matatu.

Nilimaliza shule ya sekondari na kuwa karani katika ofisi ya serikali. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya pili vya wazungu. Mji ulikuwa ukipanuka kila mwaka. Kiwanda cha pamba kiliita wafanyakazi, maduka ya wageni yaliongezeka, na askari, makarani na wauguzi walitaka nyumba. Serikali ikaamua kujenga mtaa mpya wa Waafrika, tuliouita site: barabara zilizonyooka, nyumba za matofali ya kuchoma, mabati juu, kila kiwanja na ua wake. Sisi tuliosoma tuliuota mtaa ule kama watu wanavyoota kuoa. Nilikuwa nikilala nyumba ya udongo kwa mama, viatu vyangu nikivining'iniza ukutani ili panya wasivile. Asubuhi nilivivaa na kutembea hadi ofisini nikikanyaga kwa uangalifu, nisije nikaonekana mtu aliyetoka shambani.

Siku moja nilimletea bwana mkubwa, mzungu wa ofisi yetu, barua mezani, na hapo nikaiona ramani ya site. Safu za mwisho zilipanda mteremko juu ya kijito. Sikuhitaji kuangalia mara mbili. Ndani ya kiwanja kimoja cha safu hizo, kwa kalamu ya risasi, jina langu lilikuwa limeandikwa. Bwana mkubwa aliona macho yangu yalipokuwa. Akacheka, akasema kwa Kiswahili chake cha amri, "Wewe karani muzuri. Nyumba muzuri."

Nilishukuru. Hiyo ndiyo iliyokuwa hatua ya kwanza, na niliipiga kwa miguu yangu mwenyewe.

Sheria ya wazungu ilikuwa hivi: ardhi isiyo na mtu ni ya serikali. Lakini kabla ya kuichukua walipaswa kwenda pale, kuitazama, na kuwauliza wenyeji kama ina mtu. Basi tukaenda, asubuhi moja ya kiangazi. Alikuwepo bwana mkubwa, nami na daftari langu. Alikuwepo kapita, msimamizi aliyewekwa na serikali katika kijiji chetu, mzee wa ukoo wa baba, amevaa koti lake la kuitikia serikali. Na alikuwepo mshika mnyororo, kijana wa huko Wamaza aliyeajiriwa kuburuta mnyororo wa kupimia.

Tulipita mashamba yaliyokuwa na mihogo na karanga. Hayo niliyaandika moja moja na majina ya wenyewe. Tulipofika kwenye mteremko, bwana mkubwa alisimama mbele ya vichaka akauliza, "Hapa nani?"

 Kapita alinigeukia. Akasema taratibu, kwa Kibangubangu, lugha yetu, ili mzungu asielewe, kwamba hilo ni shamba la mama yangu, basi inafaa mtoto wake aseme. Kisha kwa Kiswahili akasema, "Karani iko najua, bwana. Muulize yeye."

Alifikiri anatulinda. Alifikiri hakuna mtu duniani atakayelisemea shamba lile vizuri kuliko mimi.

Bwana mkubwa alikuwa ameinua kichwa. Jua lilikuwa limepiga kwenye panda ya mti, na kile kipande cha jembe kilionekana wazi, na mafundo yangu matatu. Akakielekezea fimbo yake. "Ile nini?"

Nimefanya hesabu ya dakika ile maisha yangu yote. Yangetosha maneno manne tu: shamba la mama yangu. Kapita alikuwa ananitazama, mshika mnyororo ananitazama. Niliona jina langu kwenye ramani, na niliona pia kitu kingine ambacho kukikiri ni kugumu zaidi: niliona aibu. Niliona aibu kumwambia mzungu kwamba mama yangu hufunga vyuma kwenye miti.

"Ni chuma kuukuu, bwana," nikasema. "Kimetupwa. Hapa ni pori."

Kapita alitazama chini, akaanza kukwangua tope kwenye kiatu chake ingawa tope halikuwapo. Angeweza kunikanusha. Lakini mwenye shamba kwa mdomo wa mtoto wake alikuwa amesema, na yeye alikuwa kapita, mtu wa kuogopa. Bwana mkubwa akamwambia mshika mnyororo apande akiondoe kile chuma ili wapigilie alama kwenye shina. Nikaandika daftarini: pori, hakuna mtu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku zote, na siku ile haukutetemeka.

Jioni nilimkuta mama akitwanga. Nilimwambia kwamba wazungu wamechukua mteremko kwa ajili ya site. Aliweka mchi chini.

"Wamechukua namna gani? Ile shamba inalala."

"Wamesema ni pori, mama."

"Na jembe? Hawakuona jembe?"

Huo ulikuwa mlango wa kwanza alionifungulia. Sikuuona kuwa mlango. Nikasema, "Hawakuona."

Aliinamia kinu. Kisha akachukua mchi, akasema kama mtu anayejisemea, "Basi niliifunga chini sana. Labda majani yalifunika. Ningeenda kufyeka pale, sikuenda."

Mimi ndiye niliyelifunga jembe lile, na lilikuwa juu. Yeye alikuwa amesimama chini, na alijua hivyo. Lakini alijichukulia kosa, nami nikamwachia.

Walikuja watu na mapanga, wakafyeka. Miti iliyokuwa minene kama mkono ilikatwa na kuchomwa, na majivu yale, ambayo yangelisha mpunga wetu miaka miwili, yalisukumwa kijitoni ili barabara ipite. Nyumba yangu ilikuwa ya tatu kumalizika. Nilioa mwaka ule, nikahamia na mke wangu. Mama alikataa kuhama. Alisema atabaki karibu na majembe yake.

Alipokuja mara ya kwanza kututembelea, hakuingia ndani. Alizunguka nyumba polepole, mkono mgongoni, mpaka nyuma ya jiko. Pale palikuwa na kisiki. Aliinama, akachukua udongo kidogo karibu yake, akaukamua kiganjani, akaunusa.

"Ilikuwa tayari," akasema. "Mwaka huu ningefungua."

Mke wangu, ambaye hakujua lolote, akamwambia, "Mama, ingia basi. Kuna kiti."

"Ninaingia, binti yangu. Ninasalimia kwanza."

Nyuma ya jiko hapo alipanda vijiti vya mihogo, safu tatu. Sijaona mihogo iliyoota vile, kabla wala baada. Katika miezi michache ilipita kichwa changu, majani ya kijani mazito, mashina mekundu. Mama alikuja kila wiki kuitazama, na siku hizo alikuwa mchangamfu. Alimtania mke wangu kwamba atanenepa mpaka mlango wa matofali ushindwe kumpitisha. Kisha akaja mtu wa usafi. Katika site hairuhusiwi kupanda mimea mirefu karibu na nyumba. Walisema inaficha mbu. Alinipa siku mbili. Nilikuwa karani, nilizijua sheria, nilikuwa nimeziandika kwa mkono wangu. Niliing'oa mwenyewe saa sita mchana, mizizi ikiwa bado michanga, myeupe, mingi kuliko nilivyotazamia.

Mama alifika na kikapu chake akakuta imelala chini.

"Nani aling'oa?"

"Ni mimi, mama. Ni sheria ya site."

Alisimama akiitazama. Nilitaka anilaani. Akasema, "Iko sawa, baba. Tuchume majani kabla hayajakauka. Tutapika sombe."

Tulikula sombe ile na bugali, na mawese mengi, na hakuna aliyezungumza.

Aliyezungumza alikuwa jirani wa mama wa zamani, mjane Mwislamu ambaye shamba lake lililolala lilipakana na letu. Lake pia nililiandika kuwa pori siku ile ile, kwa mstari ule ule. Alikuwa akipita mbele ya nyumba yangu na mzigo wa kuni, kwa sababu njia ya zamani ya kwenda kijitoni ilipita hapo. Kila nilipokuwa nimeketi barazani alisimama, mzigo kichwani, shingo imenyooka.

"Karani, salamu alekum."

"Alekum salamu, mama mukubwa."

"Shamba yangu hajambo? Inalala muzuri chini ya kitanda yako?"

"Mama mukubwa, ile ni mambo ya serikali."

"Ee. Na serikali iko na mama? Ama ilitoka tu kwenye miti?"

Na akaenda zake akicheka bila furaha. Mke wangu aliniuliza yule mama ana shida gani na sisi. Nilisema ni mzee, anachanganya mambo.

Mama sasa alilima ng'ambo ya kijito, kwenye shamba ambalo lilipaswa kuwa limelala. Hakuwa na lingine lililo tayari kulimwa. Na pamba ya lazima, iliyoamriwa na serikali, ilikula kipande kizuri zaidi. Alikuwa akitoka jua halijachomoza, anarudi na kikapu kisichojaa. Karanga zilikuwa na maganda matupu. Nilimpelekea chumvi, sabuni, kitambaa, na kila mara alishukuru kama mtu aliyepewa na mgeni.

Lilibaki shamba moja tu lililokuwa likilala, dogo, mbali zaidi kwenye barabara ile ya Kabambare. Siku moja nilimkuta uani amekaa na bakuli la mchanga na maji, akisugua kipande cha jembe. Alikuwa amekisugua mpaka kinang'aa kama sarafu.

"Unafanya nini, mama?"

"Naenda kulifunga kwenye ile shamba ingine. Safari hii litaonekana. Jua likipiga, hata mutu wa mbali ataona."

"Jembe hili umelitoa wapi?"

"Nilikuwa nalo."

Alilisugua upande wa pili. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Ile ya kwanza ilikuwa na kutu. Labda kama ingekuwa inang'aa, wangeuliza, ile ni nini. Na mutu angewajibu."

Nilikaa pale kwenye kigoda, karibu naye kiasi cha kugusa goti lake. Nilisikia mchanga ukikwaruza chuma.  Nikasimama nikasema nimechelewa ofisini.

Ilikuwa Jumapili.

Aliyepanda kulifunga sijui ni nani, mimi sikuombwa. Lakini nilipita kwa baiskeli nikaliona, juu kabisa, na mama alikuwa amefyeka vichaka pande zote za mti ili njia ya macho iwe wazi. Kila wiki alirudi kufyeka. Mwanamke wa umri ule, baada ya kulima kutwa, alitembea hadi shamba asilolilima ili kuwarahisishia wapimaji kuona.

Site ilijaa. Ramani nyingine ikaletwa mezani. Safari hii nilijua mapema, siku kadhaa kabla, na ningeweza kwenda na kusema ukweli wote, wa shamba hili na wa lile. Nilituma habari ofisini kwamba nina homa. Nililala kitandani katika nyumba yangu ya matofali nikiangalia mabati, mwili baridi kabisa, na karani mwingine, mgeni kutoka upande wa Kivu, akaenda na daftari. Hakujua maana ya chuma mtini, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Kapita alikuwa amekwishafariki. Aliandika alichokiona: pori.

Mama alinijia yeye mwenyewe siku iliyofuata. Alisimama mlangoni.

"Umepona homa?"

"Nimepona, mama."

"Mungu asifiwe." Kisha akasema, "Basi lilikuwa linang'aa, na bado hawakuona." Alinitazama muda mrefu kuliko kawaida yake. Huo ulikuwa mlango wa mwisho. Nikamwambia, "Wazungu ndivyo walivyo, mama."

"Ee," akasema. "Ndivyo walivyo."

Alidhoofika baada ya hapo. Hakuwa na ugonjwa ambao muuguzi aliweza kuupa jina. Aliacha kulima, na mwanamke wa kwetu akiacha kulima kila mtu anajua maana yake. Alifariki nyumbani kwake, kwenye nyumba ya udongo, asubuhi, mke wangu akimpa uji. Mimi nilikuwa ofisini.

Kwenye matanga watu wengi walikuja, hata kutoka Wamaza na Lusangi, kwa miguu. Mchana wa siku ya pili alikaa karibu yangu kwenye mkeka mtu ambaye sikumtambua mara moja. Alikuwa mshika mnyororo, yule kijana, sasa mtu mzima mwenye ndevu. Aliniambia pole. Kisha akasema, kwa namna ya kumsifu marehemu kama watu wafanyavyo, "Mama yako alikuwa mutu muzuri sana. Siku ile nilimurudishia jembe yake, alinipa kuku."

"Jembe gani?"

"Ile ya kwenye muti. Nilitoa, bwana mukubwa akasema tupa. Mimi siwezi kutupa jembe ya mutu, karani. Kwetu pia tunafunga vile. Niliuliza watu, wakanionyesha kwake. Nilimupelekea kabla sijarudi kambini."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile. Jua lilikuwa bado juu."

Kwa hiyo ilikuwa kabla sijafika mimi nyumbani. Kabla hajaniuliza. Nilijua jibu, lakini nikauliza hata hivyo. "Alikuuliza mambo yaliyosemwa pale?"

Alivuta ndevu zake. Alikuwa mtu mpole, na niliona anatafuta mahali pa kuweka macho. "Aliuliza. Mimi sikumudanganya, karani. Aliniambia nisimwambie mutu mwingine. Akasema, mutoto wangu atanieleza yeye mwenyewe."

Baada ya matanga nilikwenda peke yangu kwenye lile shamba la mwisho. Nilitaka kukichukua kile kipande, kwa sababu sasa nilikijua: kilikuwa kile kile changu, alikitoa kutu, akakifunga tena, akaningoja. Nilikuta mitaro ya misingi imechimbwa. Mti ulikuwa umekatwa, umelala na matawi yake, majani yamekauka. Kwenye panda yake kamba ya mgomba ilikuwepo bado, imefungwa kwa mafundo matatu kama yale yangu. Chuma hakikuwepo. Mtu alikuwa amekichukua.

Nilikaa kwenye shina. Nikasema kwa sauti, "Mama, lilionekana. Mara ya kwanza lilionekana." Wachimbaji wawili waliokuwa kwenye mtaro waliacha kazi wakanitazama. Mmoja akatoka, akajifuta mikono, akaniuliza kwa adabu kama nimekuja kutafuta kiwanja.

Nikamwambia hapana, kiwanja ninacho.